Zambarau: Habari za Neno, Rangi na Mti wa Langoni Kwetu

Kamati ya kumbukumbu hii ilipotuomba tuandike machache ya historia, bila shaka ilitarajia tuandike juu ya jiwe la msingi, wafadhili wa kwanza na ujenzi wa ukumbi. Habari hizo zimeandikwa na wengine katika kurasa hizi, tena kwa ustadi unaotushinda. Sisi, ambao tumekaa zaidi ya miaka arobaini nyuma ya kaunta ya duka la nguo hapa Tanga, tumeona ni heri tuandike juu ya kitu tunachokifahamu kutokana na kazi yetu, nacho ni neno moja tu: zambarau. Hakuna msomaji wa kitabu hiki, awe mwanachama wa hekalu au jirani wa mtaani, asiyelijua. Ni jina la tunda, na ni jina la rangi. Sababu ya kulichagua neno hili mwaka huu tutaieleza mwishoni, kwa kuwa inahusu mkutano mkuu ujao wa wanachama na mti uliosimama langoni kwetu.

TUNDA LENYEWE

Mzambarau ni mti wenye asili ya Bara Hindi na nchi zilizo mashariki yake. Ukipata ardhi nzuri na maji ya kutosha huweza kufikia urefu wa mita 30, na kivuli chake ni kizito kwa sababu majani yake hayapukutiki yote kwa wakati mmoja. Huchanua maua madogo meupe yanayopendwa mno na nyuki. Tunda huanza likiwa kijani, likaingia uwaridi, likawa jekundu, na mwisho likaiva kwa weusi unaong'aa. Anayelitazama kwa mbali husema ni jeusi. Anayelipasua ndiye ajuaye rangi yake.

Utamu wa zambarau haufiki peke yake bali huja pamoja na ukakasi unaokausha kinywa. Ndiyo maana kule Gujarat watu hulila kwa chumvi, na hapa pwani watoto hutia zambarau bakulini pamoja na chumvi, wakafunika na kuzitikisa mpaka ngozi zilainike. Aliyekula hawezi kukana, kwani ulimi wake humshtaki. Bibi yetu mzaa baba, tuliyemwita Ba, hakuhitaji kutuuliza tulikotoka tunapochelewa kurudi kutoka shuleni. Alisema tu, "Toa ulimi."

Mti huu una kazi nyingine pia. Mbao zake huvumilia maji kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo mafundi wa visima kule India walizitumia kutengenezea fremu iliyolazwa chini kabisa ya kisima, ambayo juu yake ulijengwa ukuta wa matofali. Tunda hutengenezewa siki. Kokwa zake hukaushwa na kusagwa, na waganga wa Ayurveda wamezitumia tangu zamani kwa wagonjwa wa kisukari. Nasi ambao tuna ugonjwa huo tunapenda kuongeza neno hapa: unga wa kokwa usimfanye mtu aache dawa aliyopewa na daktari.

Kuna jambo la msimu ambalo limetushangaza tangu utoto. Katika nchi ya babu zetu, jambu, kama tunavyoliita tunda hili, huiva katika miezi ya Jeth na Ashadh, yaani mnamo Juni na Julai, mvua za masika ya kule zinapoanza. Wakati huo bahari ilikuwa imechafuka, na majahazi ya Mandvi na Porbandar yalikuwa yamevutwa nchi kavu yakisubiri Nariyeli Purnima, siku ambayo nazi hutolewa sadaka kwa bahari ili safari zifunguliwe. Hapa kwetu zambarau huiva katika miezi ya joto, karibu na mwisho wa mwaka, wakati upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma. Na kaskazi ndio upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi hayo huku. Basi baharia aliyekula jambu kwao akisubiri bahari itulie, aliweza kushuka pwani hii akalikuta tunda lile lile likiuzwa sokoni, mara ya pili katika mwaka mmoja.

NENO NA NJIA YAKE

Tulipokuwa watoto, wazee wetu wa hekaluni walikuwa na majivuno yao madogo. Walisema kwamba zambarau ni neno letu. Kwamba babu zetu waliposhuka kutoka majahazi ya Kutch na Kathiawar walishuka na jambu, na Waswahili wakalipokea neno kutoka vinywani mwao. Hadithi hiyo tuliirithi, na sisi wenyewe tumeisimulia kwa wageni mara nyingi. Leo tunapenda kuisahihisha kwa maandishi, kwa sababu mwenye duka anayepunja yadi hupoteza mteja, na anayepunja historia hupoteza zaidi.

Tuyapime maneno yenyewe. Kisanskriti ni jambu. Kigujarati ni jambu. Kihindi ni jamun. Kimarathi, kwenye pwani iliyo kusini ya kwetu, ni jambhul. Na Wareno, walioiteka Goa mwaka 1510, walilipa tunda hilo jina la jambolão. Sasa tuliweke zambarau kando ya hayo yote. Mwanzo wake unafanana na wote. Lakini katikati kuna sauti ya r, ambayo ni ndugu wa l, na mwisho kuna -au. Jambu yetu haina l wala -au. Jambolão inavyo vyote viwili.

Atakayesema kwamba hiyo ni bahati tu, na alitazame neno limau. Wanaolichunguza Kiswahili wamekwisha kueleza kwamba limau limetokana na limão ya Kireno. Mwisho ule ule wa Kireno umegeuka kuwa -au ile ile ya Kiswahili. Nayo si neno la pekee, kwani meza tunayolia chakula na leso tunayojifunga vimepitia mlango huo huo. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na meli zao zilisafiri baina ya Goa, Kisiwa cha Msumbiji na pwani hii. Kwa hiyo hukumu yetu ni kwamba sauti ya neno zambarau inaelekea Goa na Konkan kuliko inavyoelekea Kutch. Kulingana na ushahidi wa neno lenyewe, wazee wetu walijipa sifa isiyokuwa yao.

Na tukiwa katika kusahihisha, tusahihishe na lingine. Wako wanaodhani kwamba mji wa Jamnagar, walikotoka wazazi wa wengi wetu, uliitwa hivyo kwa ajili ya jambu. Sivyo. Jina lile limetokana na Jam, cheo cha watawala wa ukoo wa Jadeja walioumiliki mji huo. Si kila kinachoanza na jam ni tunda.

RANGI DUKANI

Kama neno la tunda liliingia kwa njia ya bahari, jina la rangi lilizaliwa hapa hapa. Kiswahili kina majina matatu tu ya rangi yanayofuata ngeli kama sifa nyingine: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi ya rangi nyingine mswahili amezichukua shambani, jikoni na mezani. Kijani ni majani. Kijivu ni majivu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni kile kiungo cha jikoni tunachokiita haldar. Ipo rangi ya chungwa, ipo ya waridi, ipo ya maji ya kunde, ambayo hakuna aliyewahi kuchemsha kunde akashindwa kuielewa. Na ipo ya zambarau.

Kigujarati kinafanya vivyo hivyo. Nasi, jambu limetupa jambli, ndiyo rangi ya zambarau. Narangi ni chungwa, na ni rangi ya chungwa. Gulab ni waridi, na gulabi ni rangi yake. Rakh ni majivu, na rakhodi ni kijivu. Watu wa pwani mbili, pasipo kukaa kikao, walitazama vitu vile vile wakavipa kazi ile ile.

Baba yetu hakupata kusoma Kiswahili shuleni. Alipofungua duka alitengeneza daftari lake la mali lenye safu mbili. Upande wa kushoto aliandika jina la rangi kwa Kigujarati. Upande wa kulia aliandika jina la Kiswahili kwa herufi za Kigujarati, jinsi alivyolisikia kwa wateja. Daftari hilo tunalo hadi leo. Safu ya rangi nyingine ina mafuto na masahihisho, kwani buluu na samawati zilimsumbua sana. Lakini mbele ya jambli ameandika zambarau mara moja tu, wala hakurudi kulifuta. Hakuhitaji kufundishwa, tunda alikuwa amelijua kabla ya lugha.

Hata hivyo neno kuwa moja si sawa na rangi kuwa moja, na somo hilo tulilipata kwa hasara. Katika miaka yetu ya mwanzo dukani alikuja mama mmoja wa Kidigo, shangazi wa bibi harusi, akaagiza doti ishirini za kitambaa cha zambarau kwa sare ya akina mama. Tukamkatia kitambaa cheusi-cheusi kama jambu lililoiva. Kesho yake akarudi nacho. Hakugomba. Alifungua pembe ya leso yake, akaweka zambarau tatu juu ya kaunta, akazipasua kwa ukucha, kisha akatuchukua pamoja na kitambaa chetu hadi barazani penye mwanga wa jua. "Mwanangu," alisema, "wewe umenipa ganda. Mimi niliagiza nyama." Na kweli, nyama ya tunda, karibu na kokwa, ina wekundu uliochanganyika na buluu, mwepesi na wenye uhai, ambao ganda halina. Tulikirudisha kitambaa rafuni. Tangu siku ile, mteja akituambia zambarau, huwa tunamuuliza: ya ganda au ya nyama? Watoto wetu nao wanauliza hivyo, na wateja hawashangai.

Neno hili limefika hata mahali ambapo mkulima wa jambu hakupafikiria. Jirani yetu Mkristo alitueleza kwamba katika Biblia ya Kiswahili yumo mfanyabiashara mwanamke aitwaye Lidia, wa mji wa Thiatira, ambaye biashara yake ilikuwa rangi ya zambarau. Tulifurahi kumpata mwenzetu wa kazi mahali hapo. Rangi ya kifahari ya watu wa Bahari ya Kati katika zama hizo ilikuwa ikitolewa katika konokono wa baharini, tena kwa gharama kubwa, na wafalme ndio walioivaa. Watafsiri walipotafuta neno ambalo msomaji wa huku angeliona kwa macho yake, walilipata juu ya mti. Hivyo basi nguo za wafalme wa kale zimepewa jina la tunda la kutoka India, kwa umbo la neno lililopitia kwa Wareno, katika kinywa cha Mswahili. Na padri anapovaa zambarau wakati wa Kwaresima, neno ni hilo hilo.

JAMBUDVIPA

Sasa tuingie hekaluni. Majirani wetu wengi wamehudhuria sherehe zetu, lakini huenda hawajui kwamba kabla ya ibada kubwa pujari husoma maneno yanayotaja mahali na wakati wa ibada hiyo. Katika maneno hayo hutajwa Jambudvipa, maana yake kisiwa, au bara, la mjambu. Vitabu vyetu vya Purana vinaeleza dunia kuwa ni mabara saba, na lililo katikati ni hilo. Vishnu Purana inasimulia habari za mjambu mkuu ambao matunda yake ni makubwa kama tembo; yakianguka hupasuka juu ya mlima, maji yake yakawa mto, na katika kingo za mto huo hupatikana dhahabu iitwayo jambunada. Si masimulizi ya ibada tu. Mfalme Ashoka, aliyetawala katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alitumia jina hilo la Jambudvipa kwa nchi yake katika maandishi aliyoyachonga mwambani.

Ganesha naye, tunayemwomba kabla ya kuanza kazi yoyote, hutajwa katika dua mashuhuri ya Kisanskriti kuwa ni mwenye kupenda matunda mawili, na moja ya hayo ni jambu.

Tulipokuwa kijana wa miaka kumi na sita, mwenye ujuzi mdogo na ulimi mrefu, tulimwuliza pujari wetu wa zamani kwa nini anaitaja Jambudvipa ilhali tumesimama Tanga. Wakati huo swali halikuwa la mchezo. Ilikuwa miaka ya 1970. Familia nyingi za jamaa zetu zilikuwa zikifunga masanduku kuelekea Uingereza na Kanada, na kila jioni nyumbani kwetu palikuwa na mjadala wa kuondoka au kubaki. Tulitaka mtu mzima atuambie kwetu ni wapi. Pujari hakutupa hotuba. Alituelekeza kwa kidole nje ya dirisha, kwenye lango, ambako watoto wa mtaani walikuwa juu ya mti na makopo yao. "Mti ule ni nini?" aliuliza. Tukajibu kwa Kigujarati kwamba ni jambu. "Na wale wanauitaje?" Tukajibu, mzambarau. "Basi nenda kawaletee maji ya kunywa," alisema, akaendelea kusafisha taa zake.

Baba yetu alibaki. Hatusemi kwamba alibaki kwa ajili ya mti. Alibaki kwa sababu duka lilikuwa na deni na Ba hakutaka kupanda ndege. Lakini kila tunaposikia Jambudvipa ikitajwa, macho yetu hwenda langoni.

MTI WA LANGONI

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Wanachama wanajua kwamba uko mpango wa kutandaza sakafu uwanja wa mbele na kupata nafasi ya magari, na kwamba mpango huo unataka mzambarau ukatwe. Hoja zake si za kipuuzi. Msimu unapofika, matunda huanguka yakachafua ngazi na sare za akina mama. Popo huja usiku. Mizizi imeinua sehemu ya ukuta. Kamati ilipopiga kura, sisi tulikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono kutaka ukatwe, na tunaiandika habari hii hapa ili asiwepo wa kudhani kwamba tunamlaumu mwingine.

Wiki chache baadaye bibi mmoja jirani, mwenye umri mkubwa kutushinda, alipita dukani kununua kanga. Alikuwa amesikia. Alituambia kwamba mama yake alizoea kuanika mihogo chini ya mti ule, wakati ambapo hapakuwa na ukuta wala hekalu. Kiwanja kiliponunuliwa, wazee wetu waliwaambia majirani kwamba lango halitafungwa msimu wa zambarau, na kwamba watoto wataendelea kuokota. "Waliokuahidini ninyi hawapo," alisema, "na walioahidiwa ni mimi niliyebaki." Akalipa, akatuaga kwa heshima, akaenda zake.

Tuliwauliza wazee watatu wa jumuiya yetu, kila mmoja kwa wakati wake. Wote watatu walilikumbuka neno hilo la lango. Halikuandikwa popote, nasi tunaliandika sasa.

Tumezoea kusema katika sherehe zetu kwamba sisi ni wenyeji wa hapa. Kwa mti huu, mambo ni kinyume. Mti wa kutoka India ulikuwa na jina la Kiswahili na watoto wa Kiswahili matawini mwake kabla hatujanunua kiwanja. Watu wa hapa wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzambarau ulipewa jembe zamani: ulipewa kazi ya kutaja rangi ambayo kabla yake haikuwa na jina lililo rahisi kama hilo, na haujaiacha kazi hiyo. Hakuna anayeuuliza ulikotoka. Sisi tuliokuja baada yake ndio tuliotaka kuuondoa.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu tutabadili kura yetu, na tunaomba wanachama wenzetu walifikirie jambo hili kabla ya siku hiyo. Hatuendi mikono mitupu. Tumemwita fundi akapima. Ukuta wa upande wa barabara ukisogezwa hatua nne, mti unabaki, na magari sita yanapata nafasi badala ya kumi. Ngazi zinaweza kuwekewa turubai kwa miezi miwili ya msimu. Gharama ya kusogeza ukuta tutachangia nusu, na tumeiambia kamati hivyo kwa barua.

Bibi yule tumemtumia salamu kwamba msimu huu lango litakuwa wazi kama zamani. Watoto waje na makopo yao, na chumvi ipo jikoni mwa hekalu.